Maswali ya wasomaji: Anapiga kinanda vizuri, je, ataweza kufundisha?

SWALI: Binti yangu wa miaka saba anataka kujifunza piano. Kanisani kwetu yuko kijana anayepiga kinanda vizuri sana, naye amekubali kuja nyumbani. Yuko pia mwalimu mmoja aliyesomea muziki, ila kwa kupiga hamfikii kijana huyu. Nimchukue yupi?
Mama Neema, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama Neema, usiamue kwa kuwasikiliza wakipiga. Mwombe kila mmoja afundishe kipindi kimoja cha nusu saa, umlipe, nawe ukae humo humo chumbani. (Hata baadaye, mlango usifungwe. Mwalimu mzuri hataona kuwa unamdharau.)

Anayeijua kazi huanza na kiti: viwiko viwe usawa wa vitufe, na miguu isining'inie, ikining'inia aiwekee kreti au stuli. Kisha vidole. Kwenye piano gumba ni namba 1 na kidole cha mwisho ni 5, mikono yote miwili, na namba hizo mtoto azijue tangu mwanzo. Akiachiwa atumie vidole viwili vitatu apendavyo, wimbo ukirefuka kidogo vidole vinamwishia, mkono unaanza kurukaruka. Kumwachisha mazoea hayo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya.

Jambo la pili, ndilo zito zaidi, ni kusoma nota. Wapiga kinanda wetu wengi wamejifunza kwa sikio na kwa sol-fa (do, re, mi), nao ni ustadi wa kweli. Kumfuata mwimbaji aliyeanzisha wimbo bila kutaja kii, yaani sauti ya msingi ya wimbo, si mchezo. Shida ni kwamba baadhi yao wamezoea kii moja tu, tuseme C, zilizobaki wanazipata kwa kubonyeza transpozi, kitufe cha kinanda cha umeme kinachopandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimkalisha mbele ya piano ya mbao, isiyo na kitufe hicho, wimbo ulioandikwa katika D utamshinda.

Basi mwambie kijana apige wimbo mmoja katika C, kisha katika G na F, transpozi ikiwa imezimwa. Halafu mpe ukurasa wa nota za mistari mitano ambao hajawahi kuuona, hata uwe rahisi. Akiweza yote mawili, na mtoto akamwelewa, mchukue. Akikwama, anza na mwalimu aliyesomea. Kijana aje baada ya mwaka hivi kumpa binti sikio, maana upande huo waliosomea wengi ni wadhaifu.

SWALI: Tuna kinanda cha umeme cha vitufe 61. Mwalimu anasema bila piano ya 88 hafundishi. Ni kweli?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa miezi ya kwanza 61 vinatosha, kwa sharti moja. Bonyeza kitufe polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kinanda hicho hakitamfundisha mtoto kupiga kwa upole na kwa nguvu, na hapo mwalimu ana haki. Usikiweke juu ya meza ya chakula, iko juu mno kwa mtoto. Dakika 15 kila siku zinamfaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

SWALI: Mwalimu anamwandaa mwanangu kwa mtihani wa ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki), Gredi ya 1. Tangu Januari anapiga nyimbo tatu zilezile. Ndivyo inavyotakiwa?
Baba Brian, Nairobi

JIBU: Hapana, na hesabu yenyewe inaonyesha. Mtihani wa kufanya mbele ya mtahini una alama 150: nyimbo tatu ni 90, skeli (kupanda na kushuka ngazi ya sauti za kii) 21, kusoma nota papo hapo 21, majaribio ya sikio 18. Kufaulu ni 100. Hata mtoto akizipata zote 90 za nyimbo, bado hajafaulu.

Iko aina nyingine, ya kurekodiwa video, ambayo haina skeli wala kusoma papo hapo. Hiyo hutaka nyimbo nne. Muulize mwalimu anamwandaa kwa ipi. Akisema ya mtahini, akuonyeshe wiki hii hii skeli ambazo mtoto ameshazijua. Akisema ya video, wimbo wa nne uko wapi?