Ukitaka visa vya ujasiri, uliza siku ya pili yake

Nimezunguka Mombasa kwa pikipiki nikikusanya visa vya watu waliosimama imara dunia ilipowageuka. Kama nawe unapanga safari ya aina hiyo, usimuombe mtu akusimulie ujasiri wake. Atakuambia hana.

Mama mmoja wa Mtongwe alinionyesha pa kuuliza. Mumewe alikuwa miongoni mwa watu 272 waliokufa feri ya Mtongwe ilipopinduka, tarehe 29 Aprili 1994. Kuhusu siku ile alisema machache. Nikamuuliza, "Mama, ulivuka tena lini?" Akaiweka birika chini. Eda ilipokwisha, akasema, watoto walitaka kula na kazi ilikuwa mjini. Akapanda feri pale Likoni, akashika nguzo, akafumba macho mpaka aliposikia mlango umegusa ng'ambo. Jioni akarudi vivyo hivyo. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. Alizungumza saa nzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza hayo. Basi uliza siku ya pili: uliamkaje, nani alikupikia, ulitoka nje vipi?

Pikipiki ina faida yake. Inapita vichochoro vya Mji wa Kale na njia za mchanga za Kisauni, na vijana wa bodaboda stejini hukupokea kama mwenzao. Waulize wao, wanajua nani anakaa wapi. Ila zima injini mbali na mlango, vua helmeti, ndipo upige hodi. Mtu hawezi kukueleza msiba wake huku haoni uso wako. Kwa mjane, nenda mchana pamoja na dada yako au jirani yake wa kike. Msimu wa kusi usirekodi barazani, upepo utafunika sauti. Omba mkae ndani.

Ukielekea Kilifi, wazee wataanza na Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Usimkate mzee, msikilize mpaka amalize, maana anakupima kama una subira. Kisha uliza: "Na mamako mwenyewe, mzee, alikuwa mtu wa namna gani?" Huyo ndiye hajaandikwa popote, na kwangu mimi ndiye wa kuendewa safari yote hiyo.

Kabla hujaaga, mrudishie mwenyewe asikilize ulichorekodi, umuulize anataka kipi kitoke. Dada mmoja wa Changamwe, aliyemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, aliniomba nifute pale alipotaja mtaa anakoishi sasa. Nilifuta mbele yake, nikampa simu ahakikishe. Fanya hivyo ukiwa bado umeketi naye, kwa sababu ukishafika nyumbani utajiambia hakuna ubaya, kumbe yeye ndiye atakayelala na hofu.