Dalili Mpya Ikizuka, Chunguza Kwanza Dawa Unazomeza

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye ninayesimamia dawa za mama yangu: za presha, za kisukari, na za maumivu ya magoti. Katika kumhudumia nimejifunza jambo ambalo natamani kila anayeishi na mgonjwa wa muda mrefu alijue. Mtu anayemeza dawa akipata tatizo jipya, kabla hajatafutiwa dawa nyingine, tujiulize kwanza: je, hili halijaletwa na dawa aliyo nayo?

Nilianza kulielewa hili kwa sababu ya kikohozi. Mama alianzishiwa enalaprili na presha ikashuka vizuri sana. Baadaye kikazuka kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kilichomnyima usingizi. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi, hakikupoa. Akapewa amoksilini, ikamharisha tu. Picha ya kifua ikaonyesha mapafu safi. Ndipo mfamasia mmoja akaomba kuziona dawa zake zote, akauliza kikohozi kilianza lini na enalaprili ilianza lini. Tarehe zilifuatana. Dawa za kundi hili, ambazo majina yake kwenye pakiti huishia na -pril, huzuia kimeng'enya kinachochangia kupanda kwa presha, lakini kimeng'enya hichohicho ndicho huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Kemikali hiyo ikirundikana kwenye njia ya hewa, mtu hukohoa, na sharubati ya kikohozi haitamsaidia. Daktari alimhamishia losartani, inayofanya kazi kwa njia nyingine, na kikohozi kikaisha chenyewe baada ya wiki chache. (Ila anayemeza dawa hizi akivimba midomo, ulimi au uso, hilo si la kusubiri. Asimeze kidonge kingine, akimbizwe hospitali.)

Tangu hapo nimeona mambo ya namna hii mara nyingi. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, hutanua mishipa ya damu, na kwa baadhi ya watu maji hupenya na kuvimbisha vifundo vya miguu. Uvimbe huo mara nyingi haupungui kwa dawa za kukojoza, kwa sababu tatizo si maji kuzidi mwilini. Uvimbe wa miguu unaweza pia kutoka kwenye moyo au figo, kwa hiyo daktari aupime, lakini ajue kwamba mgonjwa anameza amlodipini. Metformini ya kisukari huleta gesi na kuharisha mwanzoni. Kuimeza pamoja na chakula na kupandisha dozi taratibu husaidia wengi. Kinachosahaulika ni kwamba ikitumika kwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na miguu ikaanza kufa ganzi. Kila mtu atasema ni kisukari. Huenda ni kisukari kweli, lakini kipimo cha B12 kipo na kinafaa kuombwa.

Dawa zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile tunazozinunua bila kumwuliza yeyote: ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni. Hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoitwa prostaglandini. Sasa, prostaglandini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na huzisaidia figo kupata damu ya kutosha. Ndiyo maana dawa hizi huleta vidonda vya tumbo, hubakiza chumvi na maji mwilini, na hupandisha presha. Mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa imetulia inapanda, anaongezewa dawa ya presha, na hakuna aliyeuliza anameza nini kwa ajili ya magoti. Hatari kubwa zaidi ni kwa anayetumia dawa ya -pril au losartani pamoja na dawa ya kukojoza: akiongeza ibuprofeni juu yake, figo zinaweza kuumia ghafla, hasa kama anaharisha au hanywi maji ya kutosha. Kwa magoti ya mama tulishauriwa kutumia jeli ya kupaka, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu.

Parasetamoli ni pole kwa tumbo, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo ni ini. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye uzito mdogo, mnywaji wa pombe au mgonjwa wa ini apangiwe kiasi kidogo zaidi. Imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, hivyo soma viambato, usiishie kwenye jina kubwa la pakiti. Na aliyezidisha asijipe moyo kwa kuwa anajisikia vizuri siku ya kwanza. Dawa ya kuizima ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Kingine kinachowashangaza watu: dawa ya kichwa nayo huleta maumivu ya kichwa. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya vidonge hivyo.

Klorofeniramini ya aleji huleta usingizi, hufunga choo, na kwa mzee mwenye tezi dume iliyokua inaweza kuziba mkojo kabisa. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ikimezwa kwa maji kidogo kisha mtu akalala, inaweza kuchoma koo la chakula.

Haya yote hayana maana kwamba utupe dawa. Atenololi, dawa ya presha na moyo, ikikatwa ghafla inaweza kuusumbua moyo, na predinisoloni, dawa ya steroidi, iliyotumika kwa wiki kadhaa hupunguzwa hatua kwa hatua. Zinazotaka hospitali mara moja ni kushindwa kupumua, ngozi kutoka malengelenge na kuchubuka, macho kuwa ya njano, na choo cheusi kama lami.

Ninachofanya ni kuwa na daftari. Naandika jina la dawa, kipimo, tarehe ilipoanza na tarehe ilipobadilishwa, na kando yake kila lalamiko jipya la mama na siku lilipoanza. Mitishamba na vitamini navyo vinaingia humo, maana navyo huingiliana na dawa. Tukienda kliniki daftari ndilo linalotangulia mezani. Na dawa ikisitishwa, huwa nauliza palepale: inaachwa leo, au inapunguzwa kidogo kidogo?