Re: Mchoro wa chini unaonekana usoni, kwenye joho la buluu giza tupu

Mkuu, salaam. Umesema unatafuta mchoro wa chini wa picha, yaani mistari ya kwanza ya msanii iliyofunikwa na rangi; kwa kamera iliyotolewa kichujio cha ndani kinachozuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kuwekewa cha nanomita 850 kinachoipitisha, mistari inaonekana usoni lakini joho la buluu limebaki jeusi.

Kwanza angalia taa. LED nyeupe karibu haitoi infraredi; tumia halojeni, mbili, nyuzi 45 kila upande, zisikae karibu zikaipasha picha joto. Rekebisha fokasi upya, maana infraredi huihamisha.

Joho likibaki jeusi, shuku azuraiti, rangi ya buluu yenye shaba. Kihisi cha silikoni, kama cha kamera yako, huishia takriban nanomita 1100, na hapo rangi hiyo ya shaba bado inazuia. Unahitaji kamera ya InGaAs (kihisi cha indiamu, galiamu na aseniki), inayofika nanomita 1700.

Pia, mistari huonekana kwa sababu kaboni hufyonza infraredi na tabaka jeupe la chini ya rangi huirudisha. Chaki nyekundu haitajitokeza hata ubadilishe kamera. Kwa Bikira wa Miamba wa Leonardo, ulioko London, sehemu ya mchoro wa chini ilitangazwa 2019, ikiwa imeonekana kwa kupima zinki kwa eksirei pamoja na picha mpya za infraredi.