Eujenoli ya karafuu, azadiraktini ya mwarobaini, na hesabu ya kaboni

Mwenzetu ameuliza: ikiwa monoterpeni (aina mojawapo ya terpeni, familia kubwa ya kemikali za mimea) zina kaboni 10, mbona eujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, yenye kaboni 10, haimo katika kundi hilo, na mbona azadiraktini, kemikali ya mwarobaini yenye kaboni 35, huitwa triterpenoidi ilhali triterpeni zina 30? Nimefundisha kemia ya mimea kwa muda mrefu, na wanafunzi wengi hukwama hapahapa kwa sababu huhesabu kaboni bila kuuliza zimetoka wapi.

Mmea huunda terpenoidi kwa kuunganisha vipande vya kaboni 5 vyenye umbo la isopreni, molekuli ndogo ya kaboni 5: viwili hutoa monoterpeni, vitatu seskwiterpeni, vinne diterpeni, sita triterpeni, na vinane tetraterpeni kama karotini. Zenye kaboni na haidrojeni tu ndizo terpeni. Zikiongezewa oksijeni, au baadhi ya kaboni zikihamishwa au kuondolewa, huwa terpenoidi. Mwanakemia Leopold Ruzicka ndiye aliyeweka wazi, mwaka 1953, kwamba kigezo ni namna kiumbe kinavyoziunda.

Eujenoli, C10H12O2, haina asili hiyo. Kaboni zake 9 hutoka kwenye asidi amino ya fenilalanini, na ya kumi huletwa na kundi la methoksi (OCH3). Wala pete yake ya benzini (pete ya kaboni 6) si kigezo cha kuitenga, maana thimoli, kemikali ya mmea wa thaimu, nayo inayo na bado ni monoterpenoidi.

Hata hivyo, ndani ya mafuta hayohayo ya karafuu imo kariofileni, C15H24, ambayo ni seskwiterpeni halisi. Mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa macho: mafuta ya karafuu huzama chini ya maji, lakini ukiyatikisa pamoja na mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu, eujenoli, kwa kuwa ni fenoli (ina kundi la OH kwenye pete ya benzini), huyeyuka majini ikiwa chumvi, na tabaka jembamba lenye kariofileni huelea juu.

Azadiraktini, C35H44O16, huanza na kiunzi cha kaboni 30, kisha mmea hukata 4, zikabaki 26. Zile 9 zilizozidi ni za makundi ya esta yaliyopachikwa baadaye: 2 za asetati, 5 za asidi ya tigliki na 2 za methili.