Jibu: Bango la A0 la mashindano ya utafiti
Ndugu, umeuliza uanzie wapi na bango lako la fosforasi katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na kwa nini la mwenzako lilichapwa likatoka na ukungu.

Soma masharti kwanza. Kama waandaaji wanataka A0 (karatasi kubwa ya mabango), weka ukurasa wa PowerPoint sentimita 84.1 kwa 118.9 kabla hujaandika neno lolote. Ukiubadilisha baadaye, grafu huvutika na maandishi huhama. Ukungu mara nyingi huletwa na grafu iliyonakiliwa kutoka kwenye skrini. Grafu ya upana wa sentimita 30 inahitaji nukta (pikseli) kama 1,800 kwa upana, la sivyo itatoka na ukungu.

Herufi za kichwa ziwe pointi 85 au zaidi, za maelezo 28 hadi 32. Chapa nakala moja ya bango zima, iliyopunguzwa, kwenye A4: usipoweza kuisoma, herufi ni ndogo mno.

Grafu ndiyo nafsi ya bango, ishughulikie kwa bidii. Andika kipimo, idadi ya sampuli, na useme vile vistari vya juu ya kila nguzo ni mkengeuko sanifu (jinsi data zinavyotawanyika) au kosa sanifu (kiasi cha kutokuwa na uhakika wa wastani). Hapo ndipo jaji makini atakapokubana. Matokeo makuu yakae usawa wa macho. Sehemu ya chini kabisa, karibu na magoti, weka marejeo na shukrani.

Kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, peleka PDF, maana kompyuta yao isipokuwa na fonti yako mpangilio wote huvurugika. Nenda siku mbili kabla, umeme ukikatika upate nafasi ya kurudi.