Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Kutazamia Ndege

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Ninawaongoza wageni wanaotazama ndege, mara nyingi Gombe kwa boti, na wakati wa kiangazi tunakwenda Malagarasi. Navaa miwani. Akiba yangu inatosha darubini ya daraja la kati, lakini mwenzangu ananiambia nivumilie hadi nifikishe bei ya daraja la juu, na ninunue inayokuza mara kumi. Nimsikilize? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Kwenye hiyo mara kumi, hapana. Nunua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Furukombe aliyetua mita 80 kutoka ulipo, ukiwa na darubini ya nane utamwona kama yuko mita 10. Ukiwa na ya kumi, mita 8. Unachoongeza ni hizo mita mbili tu, na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa mara kumi. Ndani ya boti inayonguruma huwezi kuutuliza. Malagarasi kuna tatizo jingine: ikifika saa nne asubuhi ardhi imeshika joto na hewa inaanza kucheza. Korongo nyangumi aliyesimama mbali kwenye mafunjo atakuwa mkubwa zaidi ndani ya darubini ya kumi, lakini mdomo wake utayumba kama kitu kilicho chini ya maji.

Kuna na suala la mwanga. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Kwa 10x42 ni 4.2. Gombe iko upande wa magharibi wa milima, kwa hiyo asubuhi mabonde yake hukaa kivulini muda mrefu, na ile milimita moja ndiyo inayokuonyesha kama kifua cha ndege ni cha kahawia au cha kijivu.

Sasa daraja. Jioni ukiwa Kigoma ukatazama ziwani, jua linakujia usoni kutoka upande wa Kongo. Hapo ndipo darubini dhaifu inapoumbuka: picha inafunikwa na weupe kama wa maziwa, na ndege mweusi kwenye anga nyeupe anazungukwa na ukingo wa zambarau au kijani. Vioo vyenye alama ya ED, yaani vinavyotawanya kidogo rangi za mwanga, hupunguza sana ukingo huo. Ule weupe hupunguzwa na tabaka bora juu ya lenzi na rangi nyeusi iliyopakwa vizuri ndani ya mirija.

Tulinganishe tatu, zote 8x42, kwa bei zilizokuwa Marekani miaka ya karibuni, kabla ya usafiri na ushuru. Nikon Monarch M7, karibu dola 500, ina uzito wa gramu 670 na huonyesha upana wa mita 145 kwenye umbali wa mita 1,000. Zeiss Conquest HD, karibu dola 1,000, ni gramu 795 na upana wa mita 128. Swarovski NL Pure, karibu dola 3,000, ni gramu 840 na upana wa mita 159. Umeona kwamba ya kati kwa bei ndiyo inayoonyesha upana mdogo kuliko zote? Bei haikuambii kila kitu. Dola elfu mbili za ziada zinanunua picha iliyo kali mpaka pembeni kabisa, na macho yasiyochoka baada ya saa sita za kazi. Hazikununulii ndege ambao usingewaona.

Ushauri wetu: nunua ya kati mwaka huu uanze kuifanyia kazi. Kwa kuwa unavaa miwani, usikubali umbali wa jicho (kutoka lenzi ya nyuma hadi jicho, ukiwa bado unaona picha nzima) ulio chini ya milimita 15. Hizo tatu zina 17 hadi 18. Shusha vikombe vya macho, zile pete zinazozunguka lenzi za nyuma, hadi mwisho, kisha angalia: lazima uone ukingo mweusi wa duara pande zote. Usipouona, miwani yako inakukatia picha. Na ufunge mkanda wenye boya, maana darubini ikidondoka ziwani inazama.

SWALI: Nimepata darubini iliyotumika hapa Tabora mjini, nataka kuwatazama ndege wa miombo. Nitaipimaje kabla ya kulipa? – Msomaji, Tabora

JIBU: Kwanza inyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga nyeupe. Vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za nyuma viwe mviringo kamili. Kingo za kijivu zilizokatika zinaonyesha prizimu (vipande vya kioo vinavyokunja mwanga ndani ya darubini) za kioo duni.

Kisha simama chini ya balbu, utazame mng'ao kwenye lenzi. Uwe hafifu, wa kijani au zambarau. Nukta nyeupe kali ni uso usio na tabaka. Lenzi nyekundu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, achana nayo: inarudisha mwanga mwekundu na picha inabaki ya kijanikijani. Vilevile zile zilizoandikwa 60x60.

Kipimo kikubwa ni hiki. Lenga ukingo wa paa la bati ulio mita 100 hivi, halafu isogeze darubini polepole mbali na macho, kama sentimita 10. Mstari wa paa ubaki sawa katika duara zote mbili. Ukiona upande mmoja umepanda ngazi, prizimu zimehama, kwa kawaida kwa kuangushwa. Utaumwa kichwa kila siku, na hairekebishiki nyumbani.

Mwisho zungusha gurudumu la kulenga mbele na nyuma. Likicheza bila picha kubadilika, mlembe atakuwa ameshahama mti kabla hujamlenga.

SWALI: Kuna nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi yangu. – Msomaji, Kigoma

JIBU: Huo ni ukungu, yaani kuvu, na kwa kuwa uko ndani, unyevu umeshapenya. Usiifungue, peleka kwa fundi wa vyombo vya macho. Ile utakayonunua baadaye, kuanzia Novemba hadi Aprili usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) ya kubadilika rangi, na jeli hiyo ikibadilika uikaushe peke yake kwa moto mdogo mpaka rangi yake irudi.