Printa inang'ang'ania Letter, nifanyeje?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina saiba ndogo hapa Likoni, kompyuta moja ya Ubuntu tunaitumia mi na kijana wangu, kila mtu na jina lake la kuingilia, na printa mbili, ya nyeusi na ya rangi. Fomu ya A4 nisipochagua karatasi upya inatoka Letter, ile saizi ya karatasi ya Kimarekani, na pale chini pa sahihi pamekatika, halafu kazi nyengine zinakimbilia printa ya rangi zinanimalizia wino. Niliandika lpoptions, ile amri ya kupangia printa, ikakubali kwangu, lakini kijana akiingia mambo ni yaleyale. – Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, pole, wino wa rangi najua unavyouma. Amri yako haina kosa. Ila ukiiandika hivihivi inajihifadhi kwa faili yako peke yako, ~/.cups/lpoptions, kijana haimfikii kabisa. Ukitanguliza sudo, yaani kuiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, inaingia faili ya /etc/cups/lpoptions na hiyo inasomwa na kila anayetumia hiyo kompyuta.

Anza na lpstat -p -d upate majina ya printa, tuseme hiyo moja inaitwa nyeusi. Kisha lpoptions -p nyeusi -l, itakumwagia mistari mingi, we tafuta PageSize (saizi ya karatasi), neno lenye kinyota (*) ndo linalotumika saa hii na kwa kijana bila shaka kinyota kiko kwa Letter. A4 ina urefu wa milimita 297, Letter 279, sasa hizo 18 ndo zinakula sahihi ya mteja. Andika hizi mbili, ya kwanza inaifanya nyeusi iwe printa ya kawaida, ya pili inaiwekea A4:

sudo lpoptions -d nyeusi
sudo lpoptions -p nyeusi -o PageSize=A4

Hapa wengi hukwama: faili ya mtu binafsi inaishinda ile ya wote, kwa hivyo kama kijana naye alishawahi kujaribujaribu, afute yake kwa rm ~/.cups/lpoptions, na programu zilizokuwa wazi mzifunge mfungue tena.

Kuprinti pande mbili usikuweke moja kwa moja tafadhali, mwenye hati ya kiapo atakurudishia karatasi. Akija anayetaka hivyo mfanyie kwa kazi yake tu:

lp -d nyeusi -o sides=two-sided-long-edge notsi.pdf

Ukimaliza mwambie kijana aingie kwa jina lake aandike tena ile ya -l, kinyota kikiwa kwa A4 toeni fomu moja mwangalie pale chini pa sahihi.